Mfuko wa Kushoto

Sare ya ulinzi ina mifuko miwili.
Wa kulia naujaza mbegu za ukwaju kila asubuhi.
Anayetoka getini bila dawa,
mbegu moja inahamia kushoto.
Hakuna aliyenituma. Nilianza mwezi wa pili,
baada ya kumfungulia mama mmoja wa Itonjanda
aliyeingia saa mbili, akatoka saa tano
na cheti kilekile mkononi, hakijagongwa muhuri,
mtoto mgongoni amenyamaza kuliko alivyoingia.

Dirisha la dawa hapa Ipuli ni moja.
Ndani yuko Mihayo, mkono mwepesi, hana makosa:
watu kumi na wanne kwa saa,
nimempima kwa saa ya ukutani.
Juu yake mtu alipaka kwa rangi ya bluu
SUBIRA YAVUTA HERI.

Subira si moja. Kila mtu huja na yake
kama mafuta kwenye taa ya kuazima,
hajui yamebaki kiasi gani mpaka utambi uanze kunuka.
Muuza mihogo ana nusu saa, karai lake liko juani.
Askari wa magereza aliyetoroka lindo, dakika kumi.
Kijana mwenye ugonjwa wa aibu
akimwona jirani kwenye benchi, hakai kabisa.
Nsimba wa Kakola ana siku nzima:
ametembea tangu alfajiri, aende wapi?
Basi saa sita foleni imejaa akina Nsimba,
na mpita njia husema, hawa watu wana subira.
Wasio nayo wamekwishapita kwangu.

Mwezi wa sita akaja Bwana Lugembe wa mipango.
Akafungua daftari la Mihayo:
jana mia na kumi na wawili,
juzi mia na kumi na wawili.
Akagawanya, akazidisha, akatabasamu.
"Mahitaji yenu mia na kumi na mbili,
uwezo wenu mia na kumi na mbili.
Chungu na kifuniko chake."

Nilikuwa namfungulia geti. Nikasema tu:
Bwana, usiku wa mvua ukitega ndoo uani,
asubuhi ukaikuta imejaa pomoni,
utasema ilinyesha ndoo moja?

Akacheka. Akashika kitasa cha gari. Akakiachia.
"Yaliyomwagika utayajua vipi?"

Nikageuza mfuko.
Arobaini na moja, juu ya boneti ya gari la serikali,
zikiteleza kwenye vumbi.
Na hiyo ilikuwa Jumatano.
Jumatatu mfuko hunipiga pajani nikitembea.

Tukazihesabu wawili, yeye amevua miwani.
Akaniuliza huondoka saa ngapi,
wakiwa wamekaa muda gani.
Nilikuwa nayajua yote.

Dirisha la pili lilifunguliwa Novemba,
Wande ndani, mkono bado mzito.
Wiki ya tatu, simu:
"Kashindye, naambiwa foleni ni ndefu vilevile.
Fedha ya watu imekwenda wapi?"

Ndefu, nikamwambia, lakini inatembea.
Na wameongezeka wale
waliokuwa wakiitazama kutoka barabarani tu
kisha wakakata kona kwenda duka la Gongoni
kununua vidonge vinne kati ya ishirini na kimoja.
Kushoto, leo, tisa.

"Tisa." Nilisikia kalamu.
"Tukiweka la tatu, Mihayo atakuwa anasinzia."

Asinzie Jumatano.
Jumatatu malori ya Urambo yakishusha watu,
usingizi ule ndio tutakaoutumia.

Akanyamaza. Sijui kama na hilo aliliandika.

Jioni nazirudisha kulia, moja moja.
Kwa anayerudi sina mfuko.
Natazama kanga za mgongoni zinazoingia.
Yake ilikuwa ya zambarau,
pindo moja limeungua pasi.